Mgeni wa Gombe na Mkulima wa Mlimani

Wasikilizaji wetu, wa hapa mjini Kigoma, wa Ujiji, na ninyi mlioko vijijini pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, mnaotusikiliza huku mkianika dagaa au mkipalilia muhogo, mazungumzo yetu leo yanahusu mlima, ziwa, na mtu anayelima katikati ya viwili hivyo. Yanahusu pia mgeni anayekuja kututembelea, kwa sababu njia za kumleta zinafunguliwa, na tusipojipanga atatukuta hatujajua tunamkaribisha wapi.

Nianze na safari ambayo wengi wenu mnaijua. Boti ya abiria inaondoka Kibirizi mchana, imeshehena magunia, madumu, kuku na watu wanaorudi vijijini kutoka sokoni. Inaelekea kaskazini, ziwa kushoto, milima kulia. Muda wote jicho linaona mandhari yale yale: miteremko mikali iliyolimwa mpaka kileleni, muhogo na maharage, nyasi zilizoungua, michikichi imejipanga mabondeni, nyumba zimebanana kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Mkishaipita Mtanga, mlima unabadilika ghafla. Miti inaanza, na mabondeni inakuwa msitu mzito unaoshuka mpaka karibu na maji, na vijito vinatiririka hata kiangazi kikikolea. Hiyo ndiyo Gombe. Mnakwenda nayo kilomita kama 15, halafu msitu unakatika, mnaingia Mwamgongo, na milima mitupu inaanza upya kuelekea Kagunga na mpaka wa Burundi.

Mtu wa jangwani ana chemchemi yake, mahali pamoja penye maji na mitende, na mchanga umeizunguka pande zote. Sisi jangwa hatuna. Mvua tunazo, udongo tunao. Lakini Gombe tumeifanya chemchemi ya namna hiyo, kipande cha kijani cha kilomita za mraba kama 35 za nchi kavu, kimezungukwa na ardhi iliyochoka. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliposhuka kwenye ufuko ule Julai 14, 1960, akiwa binti wa miaka 26, msitu ulikuwa unaendelea nje ya mipaka ya hifadhi, na sokwe walipita huku na huko. Gombe ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Miaka ya mwanzo ya 1990 mama huyo alipita juu kwa ndege ndogo, akaona hifadhi imebaki kama kisiwa, na milima ya nje imenyolewa. Katika maisha yake yaliyobaki, mpaka alipofariki Oktoba 1, 2025, alikuwa akirudia jambo moja alilolielewa siku hiyo: sokwe hawawezi kulindwa ikiwa watu wa jirani yao hawana cha kula.

Hapo ndipo nataka tukae leo. Tukizungumza utalii wa Kigoma tunaanza na sokwe, boti na hoteli. Mimi nasema tuanze na mkulima wa mlimani, kwa kuwa jembe lake ndilo linaloamua kama Gombe itakuwepo, kama maji ya ziwa yatabaki maangavu, na kama mgeni atapata cha kuja kutazama.

Tazameni ardhi yenyewe ilivyokaa. Ziwa letu liko mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari. Kalinzi, ambako kahawa inastawi, iko juu zaidi ya mita 1,500. Umbali kati ya kahawa na dagaa ni mfupi, na mteremko ni mkali. Mvua ya Novemba ikipiga kwenye shamba lililolimwa kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, udongo hauna pa kushika. Unashuka na maji, unaingia kijitoni, unafika ziwani siku hiyo hiyo. Ukisimama ufukoni baada ya mvua kubwa utaona utando mwekundu umetandaa kutoka mdomo wa kila kijito. Ule wekundu ni shamba la mtu.

Na udongo ukifika ziwani hauishii hapo. Kwenye miamba ya pwani yetu wanaishi samaki wadogo wa rangi; ziwa zima lina aina zao zaidi ya 200, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wanataga na kula kwenye mawe masafi. Tope likitua juu ya mawe, chakula chao kinafunikwa na maficho yao yanazibika. Watafiti waliopiga mbizi katika ziwa hili miaka ya 1990 walilinganisha sehemu zilizo chini ya milima yenye misitu na zile zilizo chini ya milima iliyo wazi, wakakuta penye tope jingi aina za viumbe ni chache. Kwa hiyo mtu akikata miti ya mlimani, samaki wa ziwani anaumia, ingawa hawa wawili hawajawahi kuonana.

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji 12 vya kuizunguka Gombe. Ulianza na shabaha ya kupanda miti na kutoa elimu ya mazingira. Lakini wanavijiji walipoulizwa wanataka nini, walitaja maji ya bomba, zahanati, madarasa na mazao ya kuwaingizia fedha. Miti haikuwa ya kwanza kwenye orodha yao. Mradi ukageuka kuwafuata. Yakaja maji, vikaja vikundi vya kuweka na kukopa, ikaja misaada ya wasichana kubaki shuleni, na miche ikaingia polepole kupitia mlango huo. Naiona hiyo kuwa hatua ya maana kuliko miche yenyewe. Miradi mingapi imekuja hapa na miche kwenye gari, ikapandwa siku ya kiongozi kufika, ikanyauka Agosti?

Jambo jingine walilojifunza watu wa mradi lilikuwa chini ya miguu yetu. Miti ya miombo ikikatwa haifi mara moja. Kisiki kinabaki na mizizi hai, na kila mwaka kinachipua. Kinachokiua ni moto kichaa wa kiangazi na jembe linalorudi msimu hadi msimu. Kikiachwa, bila moto na bila mbuzi, baada ya miaka michache machipukizi yanampita mtu kimo. Wenzetu Wasukuma walikuwa na utaratibu wa ngitili, wa kuliacha eneo la malisho lipumzike, na mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya ujuzi huo huo wa kuacha ardhi ijiponye. Msitu wa visiki hauhitaji kitalu wala gari. Unahitaji kijiji kikubaliane kwamba hapa hatulimi, hapa hatuchomi, na mtu akichoma atapigwa faini na wenzake.

Makubaliano hayo yana jina na yana sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi bora ya ardhi yake. Vijiji 13 vya kuizunguka Gombe vilikaa, vikachora ramani, vikatenga misitu ya hifadhi ya vijiji, zaidi ya hekta 9,000 kwa jumla. Uzuri wa mpango ule ni kwamba misitu hiyo ilipangwa igusane kijiji kwa kijiji, ili sokwe apate ushoroba wa kutoka nje ya hifadhi. Vijana wa vijiji wakapewa kazi ya kuwa walinzi wa misitu, wakipita na simu za mkononi kurekodi wanachokikuta, iwe ni kisiki kipya, tanuri la mkaa au kiota cha sokwe.

Lakini ramani ni karatasi, na tumbo lina njaa kila siku. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 2,127,930 mkoani Kigoma. Ya 2022 ikatukuta 2,470,967. Ongeza wakimbizi wa Burundi na Kongo tuliowapokea kwa miongo mingi, na ambao nao wanahitaji kuni za kupikia. Ardhi haikuongezeka hata kiganja. Mkulima mwenye ekari mbili mteremkoni akiambiwa aache nusu yake ipumzike, ana haki ya kuuliza atakula nini, na jibu haliwezi kuwa hotuba.

Jibu mojawapo liko Kalinzi. Kule kahawa inakaa chini ya migomba. Mgomba unaipa kivuli, majani yake yanafunika udongo, mvua inadondokea majani kabla ya kugusa ardhi. Pembeni utaona makingamaji yaliyochimbwa kukata mteremko, na kingo zake zimepandwa majani ya kulisha mifugo. Mbuzi anafungwa, analetewa majani, samadi inarudi shambani. Shamba la namna hiyo ukilitembelea baada ya mvua kubwa, maji yanayotoka chini yake ni karibu meupe. Vyama vya wakulima wa kahawa vikaungana chini ya Kanyovu, na katika miaka ya 2000 kampuni ya Green Mountain ya Marekani ilinunua kahawa ya milima hii na kuiuza kwao ikibeba jina la Gombe. Mnywaji wa kule alijua kwamba kikombe chake kina uhusiano na sokwe. Mkulima wa Kalinzi akapata bei nzuri kwa sababu ya msitu ambao hakuwa na ruhusa ya kuukata. Huo ndio uhusiano ninaouzungumzia leo.

Sasa njooni bondeni, kwenye mchikichi. Siwezi kuizungumzia Kigoma nisiutaje mti huu. Nendeni Simbo, nendeni Mahembe, au Mwandiga kwenye mashine yoyote ya mawese. Mikungu inakatwa, inafunikwa siku kadhaa ili chikichi zilegee, kisha zinachambuliwa na kuchemshwa kwenye pipa. Zikiiva zinatiwa kwenye mashine ya mkono, ile yenye mti mrefu ambao vijana wawili watatu wanausukuma wakizunguka, jasho linawatoka. Nyama inapondeka, kokwa zinaachana na nyuzi, maji ya moto yanamiminwa, na chini linatoka rojo jekundu linalonukia mtaa mzima. Linarudishwa motoni, mafuta yanaelea, akina mama wanayaengua kwa bakuli na kuyatia madumuni. Kokwa hazitupwi. Zinakaushwa juani, zinapasuliwa, na mbegu ya ndani inatoa mafuta ya mise. Nyuzi zinakuwa kuni za pipa linalofuata. Sabuni inatoka humo humo. Sijaona zao jingine hapa kwetu linalotumika mpaka likaisha hivyo.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja kuzindua kampeni ya kufufua zao la michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu na miche ya aina ya tenera. Tofauti ya tenera na dura, ile ya asili yetu, unaiona ukiipasua: dura ina kokwa nene na nyama kidogo, tenera ina nyama nyingi na kokwa nyembamba, hivyo mafuta yake ni mengi. Taifa linaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na mkoa wetu una uwezo wa kupunguza mzigo huo. Naiunga mkono kampeni hii kwa moyo wangu wote.

Ila nina angalizo. Inasimuliwa sana hapa Kigoma kwamba Malaysia walikuja wakachukua mbegu kwetu, wakatajirika. Kumbukumbu zinasema vingine: michikichi ya Asia ya Kusini Mashariki ilitokana na miche minne yenye asili ya Afrika iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, miaka 10 kabla wasafiri Burton na Speke hawajafika Ujiji. Tuiache hadithi hiyo ya wizi, maana inatufanya tuwatazame wenzetu kwa kijicho badala ya kutazama walivyolipia utajiri wao. Walilipa kwa misitu. Sumatra na Borneo zimepoteza misitu mikubwa kwa mashamba ya michikichi mitupu yanayofika upeo wa macho, na nyani wakubwa wa kule, orangutani, wamebaki wakihangaika pembezoni. Sisi mchikichi wetu umekuwa wa mkulima mdogo, umechanganywa na muhogo na maharage, hasa ukiwa bado mchanga. Ubaki hivyo. Tenera ipandwe mahali pa dura iliyozeeka, isifuate kingo za vijito na kumaliza miti ya asili iliyobaki mabondeni. Na mapipa ya kuchemshia yajengewe majiko yanayobana moto, ili faida ya mchikichi isije ikateketea kwa kuni za miombo.

Ziwani nako kuna funzo linalorudi shambani. Mwaka 2003 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto, na joto hilo linapunguza chakula cha samaki. Namna yake ni hii: mbolea ya ziwa imelala kilindini, na kilindi chetu kinafika mita 1,470. Upepo wa kusini unaovuma kiangazi ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha mbolea hiyo. Maji ya juu yakiwa ya moto zaidi, yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na upepo unashindwa kuyakoroga. Vijimea vinapungua, dagaa wanapungua, migebuka inayokula dagaa inapungua. Tukaongezea nyavu zenye matundu madogo. Ndipo ukaja uamuzi wa kupumzisha ziwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki.

Miezi ile mitatu mnaikumbuka. Waliokuwa na shamba walirudi shambani. Wasio na shamba waliteseka, na hasa wanawake wa Kibirizi na Katonga ambao kazi yao ni kununua, kuanika na kuuza. Mama hao nawataja kwa makusudi. Zamani dagaa walianikwa mchangani, wakakusanywa na mchanga wao, wakauzwa bei ya chini. Sasa wengi wanaanika kwenye chanja za waya, zimeinuliwa kiunoni, upepo unapita chini, dagaa wanakauka mapema na wakiwa safi, bei inapanda. Samaki ni wale wale, tena hata akiwa mchache, anayemwanika vizuri anapata zaidi. Ukitaka kumwonyesha mgeni akili ya watu wa Kigoma, mpeleke kwenye chanja asubuhi ya jua, amwone mama akigeuza fedha yake kwa mikono miwili.

Hapo namkaribisha mgeni mwenyewe. Kwa sasa safari yake ni fupi na ya pembeni. Anashuka uwanja wa ndege, anapelekwa botini, anakwenda Gombe au Mahale, anaona sokwe, anarudi, anaondoka. Nasifu masharti anayowekewa huko porini: wanakwenda wachache kwa zamu, wanakaa na sokwe saa moja, wanaacha umbali wa mita 10, wanavaa barakoa kwa sababu mafua ya binadamu yanaua sokwe. Mahale, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako tangu mwaka 1965, mambo yanakwenda hivyo hivyo. Huo ni utalii wa upole, na umeonyesha kwamba wageni wachache wanaolipa vizuri ni bora kuliko msururu. Kasoro yake ni kwamba upole huo umeishia kwa mnyama. Shilingi ya mgeni inapita juu ya kichwa cha mkulima, na nyani aliyelala hifadhini, asubuhi anavuka mpaka kula mahindi yake. Shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina mpango wake wa ujirani mwema, na madarasa na zahanati zimejengwa kwa mpango huo, hilo tunalishukuru. Lakini darasa ni la kijiji kizima, na mahindi yalikuwa ya mtu mmoja.

Nifananishe kidogo na Oman, maana Ujiji na Oman zinajuana tangu zama za misafara. Kule bara, karibu na Al Hamra, kuna kijiji cha mlimani kinachoitwa Misfat al Abriyeen. Maji yao ni ya mfereji wa falaj, yanagawanywa kwa zamu: kunywa kwanza, kisha matumizi mengine, kisha mitende na bustani zilizojengwa kwa ngazi mlimani. Vijana walipohamia mjini nyumba za udongo zilianza kuanguka. Wenyeji wenyewe wakazikarabati, wakazifanya nyumba za wageni, wakawalisha tende na mkate wa kwao, wakaweka ilani ya kuvaa kwa heshima na kutopiga picha za watu bila idhini. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa liliiweka Misfat kwenye orodha yake ya vijiji bora vya utalii. Falaj bado inamwagilia mitende. Wageni wanalala kijijini, na shamba ndilo linalowavuta.

Kwa nini Ujiji isifanye vivyo hivyo? Mji huu ni mkongwe kuliko reli. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, na njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu iko kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Miembe iko. Makumbusho ya Livingstone yapo, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Mgeni anafika pale, anapiga picha ya mnara, anakaa nusu saa, anaondoka bila kunywa hata chai. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba za mitaa ile zina wajukuu wa Wamanyema waliovuka ziwa, na kwamba wanapika migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo ambao hataupata Arusha. Vyumba vichache katika nyumba za wenyeji, vijana wanaojua historia ya pande zote, ya Mwarabu, ya Mzungu na ya mtumwa aliyefungwa mnyororo, chakula cha shamba la jirani, siku ya pili safari ya Kalinzi kwenye kahawa, siku ya tatu Gombe. Fedha ile ile ya mgeni ingegusa mikono kumi.

Nasisitiza vyumba vichache, kwa sababu nimeanza kusikia mazungumzo ya viwanja vya ufukoni. Ndugu zangu, ziwa hili lina kumbukumbu ndefu. Stanley alipofika Ujiji maji yalikuwa karibu na pale mnara ulipo leo. Ziwa lilikuwa likipanda, likafika kilele mwaka 1878, likavunja kizuizi cha tope na majani kule Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka kama 15 iliyofuata likashuka karibu mita 10. Ufuko tunaojenga leo ulikuwa chini ya maji. Na mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena likachukua nyumba, maduka na mialo, mnakumbuka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hoteli itakayojengwa ndani ya mita hizo, hata iwe na nyota ngapi, imejengwa kwa kuliibia ziwa, na ziwa litadai.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu ya reli. Reli ya kwanza ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaishia bandarini, na Ujiji ikabaki pembeni. Biashara yake ikahamia kilomita chache tu kaskazini na haikurudi. Desemba 2022 ukasainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Itakapokamilika, safari itakuwa fupi, mgeni atakuwa mwingi, na mnunuzi wa ardhi atamtangulia mgeni. Atakuja na fedha taslimu kwa mkulima mwenye ekari mbili mteremkoni, na kwa mwenyekiti wa kijiji mwenye muhuri.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo kwa wenye mamlaka. Manispaa ya Kigoma Ujiji na Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma zitangaze mapema, kabla ya garimoshi, wapi patajengwa na wapi hapatajengwa, na zisimamie mita 60 kwa tajiri kama zinavyomsimamia mwuza dagaa. Hoteli na kambi zinazopata leseni hapa zitakiwe kununua kahawa, maharage, asali, mafuta na samaki wa mkoa huu kwanza. Mkulima anayepakana na hifadhi apate njia ya haraka ya kulipwa mazao yaliyoliwa, kwani taratibu za kifuta jasho ziliandikwa zaidi kwa kumfikiria tembo na kiboko, na majirani wa Gombe wanasumbuliwa na nyani.

Na kwenu wasikilizaji wa vijijini nina ombi langu la mwisho. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Aliye katika kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi, aende ofisi ya kijiji aombe ramani ibandikwe ukutani, aone msitu umetengwa wapi na shamba lake liko wapi. Ikitokea ardhi ya kijiji inataka kutolewa kwa mwekezaji, jambo hilo lisomwe mkutanoni mbele yenu wote, liandikwe kwenye muhtasari, na muulize kabla hamjanyoosha mikono. Mkutano ujao ukiitwa, nendeni.